Mwogope Mtoto Aliyenyamaza

Katika wodi ya watoto wenye utapiamlo, muuguzi aliyeizoea kazi hamkimbilii kwanza mtoto anayelia. Anayelia bado ana nguvu, bado anadai. Anayemtia hofu ni yule aliyelala kimya macho wazi, nzi anatua kwenye pembe ya jicho naye hapepesi. Ukimsogezea kijiko cha maziwa anageuza shingo polepole. Ukimpakata halegei kifuani wala hashiki nguo. Mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, anatazama sakafu. Mpita njia atasema mama huyu hajali mtoto wake. Nimeshasikia maneno hayo yakisemwa kwa sauti, mama mwenyewe akisikia, na sidhani kuna neno linaloumiza zaidi ndani ya hospitali.

Mama huyo alijali, tena sana. Kwa wiki nyingi alimwita mtoto, akamchekea, akamrusharusha, akamwimbia. Mtoto hakuitika, kwa sababu mwili wenye njaa hubana matumizi: huzima kwanza kicheko, kisha udadisi, mwisho hata kilio. Mtoto asipoitika, anayemwita huchoka. Anaita mara chache zaidi, kwa sauti ndogo zaidi, na mtoto anayeitwa mara chache huzidi kuzama. Siku wanapofika hospitalini, wawili hao wamepotezana huku wamelala kitanda kimoja.

Wawili hao wapo hata Kasenga, mji wa Kongo ulio ukingo wa magharibi wa mto Luapula, kilomita zipatazo 200 kutoka Lubumbashi. Ng'ambo ni Zambia, na watu wa pande zote mbili wanasikilizana kwa Kibemba, wanauziana samaki, wanaoana na kuzikana. Mto huu ulilisha miji ya shaba tangu enzi za Wabelgiji. Wavuvi na wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga hapa biashara ya samaki waliopakiwa kwenye malori kwenda Élisabethville (Lubumbashi ya leo), huko kambi za kampuni ya shaba ya Union Minière zilikojaa wafanyakazi wa kulishwa. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi kwenda kutaga, alivuliwa hadi akakaribia kwisha miaka ya 1950 ilipoanza. Mji haukuhama. Bado unaishi kwa mto, na mto huohuo una mbu wake wa malaria na kipindupindu chake, ugonjwa ambao kwenye ukanda wa Luapula na ziwa Moero haujawahi kuaga moja kwa moja. Surua ya mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo nzima, wengi wao watoto wadogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa.

Tarakimu hizo tumezizoea, na mizani ya kliniki inajua kuzihesabu. Kisichohesabika ni kile kinachotokea kati ya mzazi na mtoto wakati yote haya yanapita nyumbani: namna wanavyosomana, wanavyokoseana, na kama wanarudiana.

Wengi wetu tunaamini mama mzuri anajua tu. Mtoto akilia, anajua ni njaa au ni tumbo. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick alitumia miaka mingi kupiga video za akina mama wakicheza na watoto wa miezi michache, kisha akazitazama sekunde kwa sekunde. Alichokuta kinampa mzazi yeyote nafasi ya kushusha pumzi. Hata wazazi wenye amani na watoto walioshiba huwa pamoja, hali moja, karibu asilimia 30 tu ya muda. Muda mwingine wote huyu anataka kucheza na yule anataka kupumzika, huyu anacheka na yule ameshtuka. Halafu wanatafutana. Imani ya mtoto haitokani na mama asiyekosea. Inatokana na kumpoteza mama na kumpata tena, mara elfu kwa siku, katika mambo madogo ambayo hakuna mtu mzima anayeyakumbuka jioni.

Jaribio lake linalojulikana zaidi, lililochapishwa mwaka 1978, ni jepesi mno. Mama anacheza na mtoto aliyekaa mbele yake. Kisha anaombwa aukaushe uso: amtazame mtoto bila tabasamu, bila neno, bila kumgusa, kwa dakika chache tu. Mtoto anatambua karibu papo hapo. Anatabasamu, lile tabasamu ambalo kila siku linamfanya mama acheke. Halijibiwi. Anatazama pembeni, anamrudia mama kwa jicho la haraka kuona kama amebadilika. Anapaza sauti, ananyoosha mikono yote miwili. Uso ni uleule. Baada ya hapo mwili unaanza kumwishia nguvu. Anajipinda kwenye kiti, anageuka kabisa, anaingiza vidole mdomoni na kujibembeleza mwenyewe. Mama akiruhusiwa kurudi, mtoto hamkubali mara moja; huenda akalia kwanza, akamkwepa, kisha akakubali.

Hizo ni dakika chache ndani ya chumba chenye amani, na mama aliyerudi ana nguvu zake zote. Uso huo mkavu ukae wiki tatu, kwa sababu mama ana homa, au ametoka kuzika mtoto mwingine, au hajui usiku wa leo watalala wapi. Hapo ndipo shida inapopenya. Shida haimwondolei mzazi upendo. Inamwondolea nguvu ya kurudi. Na kwa upande wa mtoto, njaa na maradhi vinamwondolea nguvu ya kuita. Mtu akinieleza kwamba familia maskini hazina mapenzi na watoto, nitamwambia kwamba amekaa nao muda mfupi mno.

Washona wa Zimbabwe wana methali inayosema mtoto asiyelia hufia mgongoni. Mtafiti Marten deVries aliikuta hoja hiyo kwa Wamasai, kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1974, ukame ukiwa umekaza, alikuwa akiangalia tabia za watoto wachanga: nani mpole, nani mlizi asiyetulizika kwa urahisi. Aliwachagua 10 kutoka kila upande. Aliporudi miezi kadhaa baadaye ng'ombe wengi walikuwa wamekufa na familia zimetawanyika, akaweza kuzipata 13 tu. Kati ya watoto 7 wapole, 5 walikuwa wamefariki. Kati ya 6 walizi, alifariki mmoja. Ni watoto wachache, na sitaki mtu ajenge sheria juu yao. Lakini yeyote aliyelea katika mwaka wa njaa atatambua kilichotokea: maziwa yakipungua, ziwa linamwendea anayelilia. Tabia ambayo kwenye nyumba yenye utulivu huitwa usumbufu ndiyo iliyowaokoa.

Kwa hiyo mtoto si mpokeaji tu. Naye anamlea mzazi, anamwita, anamfundisha, anamrudisha kwake. Sehemu hii ya habari mara nyingi tunaisahau tunapozungumzia malezi.

Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua ulipatikana jirani zetu, Lusaka, na ulichapishwa mwaka 1976. Daktari wa watoto T. Berry Brazelton, pamoja na Barbara Koslowski na Tronick huyuhuyu, waliwapima watoto wachanga 10 wa Zambia na 10 wa Marekani, siku ya kwanza, ya tano na ya kumi. Akina mama wa Lusaka walitoka mitaa ya msongamano, mimba zao zilifuatana kwa karibu, chakula chao kilikuwa haba. Watoto wao walizaliwa wembamba, ngozi kavu, shingo na viungo vimelegea, hawafuati sura kwa macho. Wale wa Marekani walizaliwa wameshiba. Mtu akiombwa abashiri nani atatangulia, hatasita.

Siku ya kumi Wazambia walikuwa wamewapita Wamarekani katika kuchangamkia watu: kutazama sura, kugeukia sauti, kukesha kwa utulivu. Watafiti waliona kilichofanyika katikati. Mama alimchukua kiumbe yule mlegevu na kumshughulikia kama mtu kamili. Alimnyanyua, akamtupa mgongoni, akakaza kitambaa, akaondoka naye kwenda kuishi. Alimnyonyesha kila alipotaka. Mtoto alishinda kwenye mwili unaotembea, unaosaga, unaocheka, wakati mwenzake wa Marekani aliwekwa kitandani peke yake, kimya, apumzike. Siwalaumu Wamarekani, walifanya walivyofundishwa. Ninachokiona ni kwamba mama wa Lusaka alimtarajia mtoto aitike, na mwili dhaifu ulipopata kutarajiwa, ukaitika.

Kitenge basi si vazi la kubebea tu. Mama akiwa ameinama kukoroga bukari, anajua kwa mgongo wake kama mtoto amelala, amekaza misuli, ameanza joto, anataka kukojoa. Mtaalamu anayekuja na mafunzo ya kuwataka wazazi wakae ana kwa ana na mtoto na kumsemesha, akiliona hilo, atafundisha kwa heshima zaidi. Mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake walifanya kazi miaka ya 1970 kwa Wagusii wa Kenya, wakakuta akina mama ambao hawakumtazama sana mtoto machoni wala kumwongelesha, lakini kilio kikitoka mkono ulishafika. Kusomana kuna njia nyingi, ya macho ikiwa mojawapo. Kumsemesha mtoto kunamjenga kwa ajili ya shule na sina haja ya kulipinga hilo; napinga tu kumwambia mama wa Kasenga kwamba anaanzia sifuri.

Na mama huyo hakuwahi kuwa peke yake, angalau kwa desturi. Miaka ya 1980 Tronick alikuja kwetu Kongo, akafanya kazi na Gilda Morelli na Steve Winn miongoni mwa Waefe wa msitu wa Ituri. Kufikia miezi minne mtoto wa Kiefe alikuwa akipita mikono mingine zaidi ya nusu ya muda aliobebwa, na wanawake wengine waliweza kumnyonyesha mama yake akiwa hayupo. Ilibidi wasomi waliozoea kuhesabu mama mmoja na mtoto mmoja waanze hesabu upya. Kwa msomaji wa Kasenga habari hii si ngeni. Hapa kuna nkambo, kuna mama mdogo, kuna shangazi, kuna jirani anayeitwa kwa jina la mtoto wake, na kuna dada mkubwa.

Nilimtazama mmoja wao kwenye foleni ya maji, msichana wa miaka kama tisa, mdogo wake mgongoni. Mtoto hakuwa amelia. Alikuwa ameinua shavu tu kutoka bega hili akalilaza kwenye lile. Msichana akaanza kuhamisha uzito mguu huu hadi mguu ule, polepole, bila kukatiza mazungumzo na wenzake, bila hata kugeuka. Shavu likatulia. Kilio kilichokuwa njiani hakikufika. Mtoto yule alisomwa kabla hajasema, na aliyemsoma hajamaliza shule ya msingi. Furaha ya kuona jambo hilo inanichanganyikia na swali la saa ngapi msichana huyu anafungua daftari lake, na sitaki kuchagua kimoja nikafiche kingine.

Tatizo ni kwamba mikono inatawanyika. Baba yuko kwenye kambi ya uvuvi, au ameacha mto na kwenda kuchimba shaba na kobalti upande wa Likasi na Kolwezi. Mama anayefanya biashara ya samaki hupanda lori kwenda Lubumbashi, na barabara ikiharibika safari ya kurudi haina siku maalumu. Mtoto anabaki kwa nkambo, na nkambo akiwa na nguvu hakuna kinachoharibika. Akiugua, nyumba nzima inategemea mtoto wa miaka tisa.

Kaskazini zaidi, hata mikono hiyo ilikimbia. Katika nusu ya pili ya mwaka 2017 mapigano ya upande wa Pweto na mkoa wa Tanganyika yaliwavusha maelfu ya Wakongo kuingia wilaya za Chiengi na Nchelenge, Zambia. Januari 2018 ilibidi makazi mapya yafunguliwe kwao Mantapala. Wazee wao walikwisha kuipita njia hiyo wakati wa vita iliyoanza 1998, wakaishi miaka katika kambi za Kala na Mwange. Kuna wanawake waliobebwa mgongoni safari ya kwanza na wakabeba safari ya pili. Vita vya Pili vya Dunia vilipoangushia London mabomu, Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliolea watoto wadogo katika vituo vyao vya Hampstead, waliandika kwamba kutengwa na mama kuliwaumiza wengi wa watoto hao kuliko mabomu yenyewe. Mtoto mdogo anaipima hatari kwa mwili unaomshika. Mwili ukitetemeka naye anatetemeka. Mwili ukitulia, hata chini ya mti ugenini, yuko nyumbani. Ndiyo maana anayepokea wakimbizi na kumpa mama hema, maji na usingizi wa usiku mmoja amemtibu mtoto kabla hajamgusa.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliona akiwa Uganda jinsi hali ya mama inavyomfikia mtoto. Alifika Kampala mwaka 1954, mumewe akiwa amepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii, akaanza kutembelea familia 26 za vijijini kila baada ya wiki mbili, akikaa sebuleni saa mbili, akitazama. Kitabu chake cha 1967 ndicho kilichotangulia karibu kila kitu ambacho dunia inakifundisha leo kuhusu uhusiano wa mama na mtoto, na kilitoka Buganda, si Boston. Watoto waliojiamini, waliotambaa mbali na mama kisha wakarudi kumgusa na kuondoka tena, walikuwa na akina mama walioweza kumsimulia mtoto wao kwa undani: anapenda nini, anaogopa nini, analia vipi akiwa na usingizi. Miongoni mwa waliokuwa na watoto wenye wasiwasi, wengi walikuwa na wasiwasi wao wenyewe: ndoa imevunjika, msaada hakuna. Ainsworth hakukuta akina mama wabaya. Alikuta waliolemewa.

Na akina baba? Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alichapisha mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, akionyesha jinsi kampuni ya madini ilivyomfanya baba kuwa mshahara na mgawo wa unga, na jinsi mshahara ulipokauka baba naye alivyopungukiwa ndani ya nyumba yake. Miaka miwili baadaye kampuni ya madini ya Gécamines iliwaachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Makao ya akina baba hao yalikuwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, lakini hali yao inajulikana hadi ukingo wa mto: mwanamume amekaa kibarazani tangu asubuhi, mtoto anamjia na kigari cha waya, anamwonyesha, anamvuta suruali, naye anatazama barabarani. Jaribio la Tronick bila Tronick. Haoni kwamba anaulizwa kitu, kwa sababu anaamini hana tena cha kumpa mtoto. Mtoto hakuja kuomba unga. Alikuja na kigari.

Huzuni ya namna hiyo inatibika, na si lazima kwa daktari wa akili ambaye Kasenga haitampata kesho. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, watu wenye sonona walikusanywa katika vikundi vidogo vya kijijini, wakazungumza mara moja kwa wiki kwa wiki 16 wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa 2003: waliobaki na sonona ni asilimia 6.5, wakati katika vijiji vilivyosubiri zamu walikuwa asilimia 54.7. Ninapofikiria watoto wa watu hao, tarakimu hizo nazisoma kama nyuso zilizorudi.

Kuna mahali ambapo kushindwa kusomana kunageuka hatari kubwa, na Katanga inapajua. Mama amefariki. Mtoto wa miaka minne amehamishiwa kwa mjomba. Anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha. Anakaza macho bila kusema, anakula kwa pupa au hali kabisa, usiku anapiga kelele, akiguswa anajikunja. Kila moja ya dalili hizo ni kilio cha mtoto aliyefiwa. Nyumba iliyolemewa, ambayo mwaka huohuo imepoteza kazi na kuuguza wawili, inazisoma kwa kitabu kingine. Inasema huyu si mtoto, huyu ni mchawi. Anapelekwa kuombewa, anashindishwa njaa, anakiri kwa sababu amechoka kuulizwa. Baadhi yao ndio wanaolala sokoni Lubumbashi. Wasalesiani wa kituo cha Bakanja wamewapokea watoto wa mitaani kwa miaka mingi.

Sheria imesema. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inalifanya kosa la kuadhibiwa. Naiunga mkono sheria hiyo kwa nguvu zangu zote, na wachungaji wanaopokea fedha kwa kuwatesa watoto wanapaswa kufikishwa mahakamani. Lakini hakimu anafika mtoto akiwa ameshafukuzwa. Aliyepaswa kufika kabla yake ni mtu wa kumwambia yule mjomba, siku ya tatu baada ya msiba, kwamba mtoto aliyefiwa hukojoa kitandani, kwamba hukaa kimya, kwamba hali hiyo hupungua akishikwa, na kwamba mjomba mwenyewe naye anaruhusiwa kulia.

Nani awe mtu huyo? Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 1999 mwongozo wake wa kutibu utapiamlo mkali kwa hatua 10, hatua ya tisa ilikuwa ni kumchezesha mtoto na kumpa mapenzi. Iko pale, kati ya maziwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani, na katika wodi zenye muuguzi mmoja kwa vitanda vingi ndiyo hatua ya kwanza kuachwa. Kuiacha ni kosa la hesabu. Nchini Jamaika, kuanzia 1986, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa wa mitaa maskini ya Kingston. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Mgeni hakuja kumkagua mama. Alikaa chini, akatoa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa na maboksi, akacheza na mama na mtoto pamoja, akaviacha hadi wiki ijayo. Watoto hao walipofika miaka 22, kipato chao kilizidi kwa asilimia 25 kile cha waliodumaa kama wao bila kutembelewa, na kilikuwa kimewafikia wenzao ambao hawakuwahi kudumaa.

Waliowatembelea walikuwa wahudumu wa afya wa mitaani. Sisi tunao: ni wale mareko wanaopita nyumba kwa nyumba siku za chanjo na za vyandarua, wanaojua mlango upi una msiba na mlango upi una mtoto mchanga. Wanajua pia, bila kuambiwa, ni mtoto yupi hasikiki. Wanafanya kazi hiyo kwa kujitolea, na kujitolea kunamalizika mvua zinapoanza, kwa kuwa reko naye ana shamba na watoto. Katika mipango ya afya ya mkoa, kabla ya majengo mapya na magari mapya, iwekwe posho ya reko ya kila mwezi, mafunzo ya wiki moja ya kucheza na mtoto na kumsikiliza mzazi, na swali moja la kuongezwa kwenye kadi ya kliniki karibu na uzito: nani anamsaidia mama huyu? Likijibiwa «hakuna», reko aende nyumbani kwake wiki hiyohiyo.